Santuri ya Tatu

Gramafoni yangu ya kwanza niliachiwa na muuguzi wa misheni, mama wa Kizungu aliyezeekea Njombe. Macho yake yalipoanza kufifia, nilikuwa nikipita kwake kila nikitoka kufundisha ili nimsomee magazeti, naye akishatosheka na habari za dunia ananiambia, "Haya binti, sasa zamu yangu." Anazungusha mkono wa gramafoni, anaweka santuri, anakaa. Sikuwa nimewahi kusikia fidla. Kanisani, kijijini kwetu Yakobi, tulikuwa na kwaya na bendi ya tarumbeta, na baba yangu ndiye aliyekuwa akipiga tarumbeta kubwa kuliko yote, lile la besi, ambalo mtu akilivaa huonekana kama amemezwa na chatu wa shaba. Hizo nilizijua tangu tumboni. Lakini fidla nyingi zikipigwa pamoja, zikiinama na kuinuka kama ngano inapopitiwa na upepo, hilo lilikuwa jambo jipya. Siku ya kwanza chai ilinipolea mkononi, na chai ya Njombe haihitaji muda mrefu kupoa.

Alipoondoka kurudi kwao aliniachia gramafoni ile, kopo la sindano, na albamu nzito yenye jalada la kitambaa chekundu. Ndani ya albamu mlikuwa na utungo mmoja mrefu wa okestra, aliokuwa akiupenda kuliko yote. Ulikuwa umegawanywa katika santuri tano, maana santuri za siku zile zilibeba muziki wa dakika chache tu kila upande. Mfuko wa tatu ulikuwa mtupu.

"Ya tatu aliikalia mgeni," aliniambia, akicheka. "Mtu mnene na mwenye adabu sana. Aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Tangu hapo naupiga muziki huu na pengo lake, na wewe nakuachia pamoja na pengo lake."

Basi nikawa naupiga hivyo hivyo chumbani kwangu, katika nyumba za walimu karibu na shule ya wasichana. Santuri ya pili ilikwisha fidla zikiwa zimenyong'onyea, zikienda polepole, kama mtu aliyefika mlangoni na kuinua mkono abishe hodi, halafu akasita. Ya nne ilianza okestra nzima ikiwa katikati ya furaha. Kati ya pale na pale kulitokea nini? Nilijipa jibu mwenyewe: kulikuwa na msiba, watu wakalia, wakazika, wakafarijiwa. Katika akili yangu nilitunga mazishi kamili kuijaza ile santuri ya tatu, na nikaamini.

Hizo zilikuwa siku za Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho, ingawa sisi hatukujua kuwa ni ya mwisho. Malori ya magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, yalikuwa yakipita mbele ya shule yetu kutoka Njombe kwenda Makambako, kwenye njia panda ya barabara kuu. Masika moja lori lilizama kwenye tope mita chache kutoka dirishani pangu. Dereva alikuja kuomba jembe.

"Kamwene, mwalimu," alinisalimia mlangoni.

"Kamwene. Karibu."

Santuri ya pili ilikuwa ndiyo kwanza inaishia. Nilikwenda kumtafutia jembe, nikarudi nikamkuta bado amesimama palepale na kofia mkononi, na mimi, kwa mazoea, nikaweka ya nne. Akashtuka.

"Hawa watu wana nini?" aliuliza. "Sasa hivi walikuwa karibu kulia. Mbona ghafla wanasherehekea?"

Nikamweleza habari ya mgeni mnene. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia. "Mimi nafika Iringa, nafika Mbeya, nashusha mizigo kwa Wazungu, kwa Wahindi, kwa Wagiriki. Nitakutafutia. Hebu niimbie pale inapokatika."

Nikamwimbia, kwa aibu kidogo. Akanifuata kwa mluzi. Alikosea, nikamrekebisha, akarudia. Tope lile lilitushikia lori hadi jua likazama, na alipoondoka alikuwa amekariri mwisho wa santuri ya pili na mwanzo wa santuri ya nne.

Hivyo ndivyo mkusanyiko wangu ulivyoanza: kwa kutafuta santuri moja na kupata nyingine zote. Kila alipopeleka mzigo kwenye nyumba yenye gramafoni, aliomba ruhusa, akapiga mluzi, akauliza kama wanaujua muziki ule. Wengine walimfukuza. Wengine walidhani ana kichaa. Lakini wengi, nadhani, waliguswa kumwona dereva wa lori, mwenye vumbi hadi kwenye kope, akisimama barazani kwao na kuimba okestra kwa mdomo. Walikuwa hawana ile aliyoitafuta, wakampa waliyonayo. Mgiriki mmoja wa tumbaku upande wa Iringa alimpa santuri ya kinanda peke yake, nyepesi na safi kama maji yanayodondoka kwenye sufuria. Mpishi wa shamba moja la chai alimpa santuri iliyotupwa na bwana wake, mwanamke akiimba kwa sauti ya juu kiasi kwamba mbwa wa jirani yangu alimwitikia. Padri mmoja huko Lugarawa alimpa santuri za kinanda cha kanisa, akampa na kitambaa laini cha kufutia vumbi. Huko Matamba aliikuta santuri nyumbani kwa mkulima wa pareto ikifunikia mtungi wa maji. Mkulima alikubali kubadilishana na mfuniko halisi. Niliiosha kwa maji baridi, nikaikausha kivulini, nikaiweka. Iliimba. Ilikwaruza kama mtu anayetembea juu ya makapi ya mahindi, lakini iliimba: fidla nne tu, zikizungumza kwa zamu kama ndugu wanaosikilizana.

Nilimwomba fundi seremala anitengenezee sanduku lenye vyumba vyembamba, ili santuri zisimame wima. Zikilazwa hujikunja, zikikaa karibu na jiko hulainika, na ukizigusa kwa mikono yenye mafuta zinanung'unika milele. Haya yote nilijifunza kwa kuharibu mbili tatu. Wanafunzi wangu walipenda kuja Jumamosi kusikiliza. Sikuwaambia majina ya watunzi kwanza. Niliwauliza wanaona nini. Mmoja alisema anaona ukungu unapanda kutoka bondeni. Mwingine alisema anaona shangazi yake amekasirika. Wote wawili walikuwa sahihi.

Baba hakupendezwa. Si na santuri, ambazo aliziita mbu kwa sababu ya fidla, bali na dereva.

"Dereva ana nyumba kila kituo," alisema.

"Huyu ana mluzi tu kila kituo, Baba."

"Ndiyo hatari yenyewe hiyo."

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa viazi na njegere na Jumapili asubuhi, na aliniona nikiharibikiwa taratibu na mbu wa Kizungu. Alikuja kwangu mara moja tu kusikiliza. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akavumilia upande mmoja, akauliza, "Hawa hawana tarumbeta?" Nikamwambia wanazo, ila hazijafika. Akavaa kofia yake. "Zikifika uniite."

Ile ya tatu ilipatikana Makambako, na nitaisimulia kama nilivyosimuliwa, maana sikuwepo. Siku hiyo dereva wangu, maana wakati huo nilikuwa nimeanza kumwita wangu moyoni, alilikuta gari dogo la Mzungu mzee limelala mtaroni upande wa Makambako. Alifunga kamba, akalivuta hadi penye pampu ya mafuta, na wakati fundi analiangalia, wawili hao waliingia katika hoteli ya chai iliyokuwa njia panda. Mzee alikuwa anahama. Alikuwa ameuza shamba, na vitu vyake vilikuwa vimefungwa nyuma ya gari na juu yake. Walikunywa chai, na kwa mazoea yake dereva akapiga ule mluzi: mwisho wa ya pili, kisha kimya kidogo, kisha mwanzo wa ya nne.

Mzee akaweka kikombe chini.

"Umeruka," alisema kwa Kiswahili cha shambani. "Nasema wewe ruka!"

"Najua nimeruka, bwana. Ndicho ninachotafuta."

Mzee akafuta masharubu, akaanza kuimba kipande kile kilichokosekana. Aliimba kwa pua, kwa koo, kwa vidole juu ya meza. Wateja wa maandazi wakageuka. Mwenye hoteli akatoka jikoni na mwiko. Dereva aliniambia kwamba nywele zilimsimama, kwa sababu mzee hakuimba kitu cha kulia hata kidogo. Alikuwa akipiga meza kwa viganja vyote viwili, na mashavu yamemvimba.

Alipomaliza walikwenda kwenye gari, wakafungua sanduku moja, na mzee akatoa santuri ambayo dereva hakuwa ameona mfano wake. Ilikuwa pana, nyembamba, nyepesi, inayokubali kupinda kidogo bila kulalamika. Utungo wote ulikuwa humo, upande huu na upande huu, bila pengo. Mzee alimpa, akampa na nyingine sita za aina hiyo, akasema huko aendako ana binti mwenye mashine na santuri zake, na kwamba amevutwa kutoka mtaroni na mtu pekee katika nchi nzima anayeujua muziki ule.

Dereva aliendesha hadi Njombe bila kusimama popote. Nilikuwa darasani. Alisimama dirishani na santuri kifuani, ndani ya jalada lake la karatasi ngumu, kama mtu aliyebeba mtoto, na wanafunzi wote wakaelewa kabla yangu. Walipiga makofi.

"Hii hata akiikalia mgeni wako, haivunjiki," alisema.

Lakini haikuimba. Mzee alikuwa amemwonya: santuri hizi mpya huzunguka polepole, na sindano nzito ya gramafoni ya mkono ingezichimba kama jembe. Zilitaka mashine ya umeme, na umeme nilioujua mimi ulikuwa wa kiwandani na nyumbani kwa mabwana. Kule kwenye klabu ya walowezi walikuwa na mashine, na walikuwa na jioni zao za kusikiliza muziki. Niliwahi kumwomba mke wa meneja mmoja aturuhusu, mimi na wanafunzi wangu, tukae hata nje ya dirisha. Alinijibu kwa upole kwamba anaogopa tungechoka. Kwa hiyo huko sikurudi. Nikaisimamisha santuri ile ndani ya sanduku langu, na kila siku nilikuwa naitoa, naiinamisha kwenye mwanga, naangalia mistari yake. Mahali muziki ulipokuwa mkubwa mistari ilitanuka. Niliweza kuliona lile pengo limejaa, ila sikuweza kulisikia.

Miezi ilipita. Siku moja dereva alikwenda kwa baba yangu kule Yakobi pamoja na wajomba zake, wamevaa makoti, kunichumbia rasmi. Walikuwa na kila kilichotakiwa, na ng'ombe wakaonekana, wakakubaliwa. Kisha mmoja wa wajomba akaingiza sanduku lenye kifuniko na mpini, la rangi ya kijivu.

"Na hiki?" aliuliza baba.

"Hiki si mahari, Baba," dereva alijibu. "Hiki ni cha mwalimu mwenyewe. Ni mashine ya santuri. Nimeipata kwa Mhindi wa duka pale Makambako, ilikaa rafuni tangu mvua za mwaka juzi kwa kukosa mteja. Inatumia betri ya lori."

Nilikuwa nyuma ya mlango na shangazi zangu. Sikupaswa kutoka. Nilitoka.

"Lori lako liko wapi?" niliuliza.

"Hapo nje."

Shangazi mkubwa alinivuta mkono, lakini baba alikuwa tayari ananitazama, na sijui aliona nini usoni mwangu. Alisema polepole, "Mwacheni. Tumalize jambo hili la mbu leo."

Lori likasogezwa kinyumenyume hadi ukutani. Nyaya zikapitishwa dirishani. Wakataka mimi na dereva twende kwa baiskeli hadi nyumba za walimu kuichukua santuri. La, nilikataa kupakizwa na mchumba mbele ya wajomba. Alikwenda peke yake, akarudi na santuri imefungwa kwa shuka langu. Kufikia hapo habari ilikuwa imeenea, na bendi nzima ya tarumbeta, waliokuwa wamemaliza mazoezi kanisani, walikuwa uani, vyombo mikononi, pamoja na majirani na watoto na kuku. Jua la alasiri lilikuwa limetoka, lile jua la kwetu linalong'aa bila kupasha joto. Nilifungua kifuniko, nikaweka santuri, nikashusha sindano kwa pumzi niliyoibana.

Hakukuwa na mkwaruzo. Hilo ndilo lililonitoa machozi kwanza. Nilizoea kuusikia muziki ule kama kupitia pazia la gunia, na sasa mtu alikuwa amelivuta pazia. Nilisikia mtu wa fidla akivuta pumzi. Watu wa bendi walitazamana. Tulipita mahali pa santuri ya kwanza, tukapita ya pili, fidla zikanyong'onyea, zikafika mlangoni, zikainua mkono. Dereva akanitazama. Hapa ndipo miaka yote palipokuwa na kimya na mlio wa sindano.

Hodi ikabishwa. Ngoma ilibisha, mara moja, kwa mbali. Kisha tarumbeta zikaingia. Si moja wala mbili, ni tarumbeta zote za dunia, za juu na za kati, na chini yake kabisa, zikiibeba nyumba nzima mabegani, zile za besi. Msiba wangu wote nilioutunga ukafutika. Hakuna aliyekufa. Mlango ulikuwa umefunguliwa tu, na waliokuwa ndani walikuwa wakimngoja kwa shangwe!

Baba alisimama. Alisimama kama anavyosimama kanisani, mikono pembeni, kidevu juu. Midomo yake ilikuwa ikitetema, nikadhani analia, kumbe alikuwa akipiga. Alikuwa akilipiga lile tarumbeta la besi bila tarumbeta, mashavu yakijaa na kupungua, na wenzake wa bendi nyuma yake wakawa wanafanya vivyo hivyo, wanaume wazima wakipiga hewa katika ua wa viazi. Ikafika mwisho. Kisha baba akamgeukia dereva.

"Hii," alisema, "ndiyo uliyokuwa ukiipigia mluzi kila kituo?"

"Ndiyo, Baba."

"Irudie."

Tuliirudia mpaka betri ikachoka, na lori likasukumwa na bendi ya kanisa hadi barabarani ili liwake.

Tulioana baada ya mavuno. Bendi ilitupigia, na ndani ya wimbo wa kutokea kanisani mlikuwa na kipande ambacho mchungaji hakukitambua, cha tarumbeta tupu, walichokikamata kwa sikio na kukifanyia mazoezi kwa siri. Mchungaji aliwauliza kimetoka kitabu gani. Baba akamjibu kwamba kimetoka Makambako.

Na Makambako ndiko tulikohamia, kwa kuwa mume wangu alipewa usimamizi wa malori pale njia panda nami nikapata darasa. Mahali ambapo kila msafiri lazima asimame palitufaa. Mwenye hoteli ya chai aliwasimulia wageni habari zetu, na wageni walipopita tena waliacha santuri: muuza nguo wa Kihindi, karani aliyehamishiwa kusini, mmisionari, rubani mmoja wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Sanduku la kwanza likawa masanduku matatu, kisha ukuta mzima. Kila Jumapili baada ya ibada tulifungua milango ya chumba cha mbele, tukapanga mabenchi ya shule, na yeyote aliyetaka aliingia. Hatukumwuliza mtu anajua nini. Walikuja wapakiaji, wauza mkaa, mama wenye watoto mgongoni. Kila mmoja alikuwa na santuri aipendayo. Wapakiaji walipenda kinanda. Mama mmoja wa kuuza mchicha alikuwa hataki kusikia kingine ila zile fidla nne za Matamba, na akiona zimechelewa anaita kwa sauti, "Mwalimu, wale ndugu wanne wako wapi?"

Katika miezi ile ambayo kila mtu alikuwa akizungumzia bendera mpya, gari lilisimama nje, akashuka mke wa yule meneja aliyeniambia tungechoka. Alikuwa na nywele nyeupe zaidi. Alisema klabu imebaki na watu wachache, santuri zao nyingi zimeondoka na wenye nazo, na amesikia kwamba mwenye mkusanyiko mkubwa wa okestra katika upande wote huu ni mimi. Je, ningeweza kuwaazima?

Nilitaka kusema mengi. Nilikuwa nimeyaandaa tangu zamani, kwa Kiingereza safi. Lakini baba, aliyekuwa ametutembelea, alinitangulia kwa Kiswahili, kwa heshima zote, huku akimpisha mlangoni.

"Haziazimwi, memsabu. Zinasikilizwa hapahapa. Karibu ndani, kuna nafasi kwenye benchi la pili."

Akaingia. Mama wa mchicha alimsogezea kikapu ili apate pa kuweka miguu. Mume wangu aliunganisha nyaya, mimi nikaifuta santuri kwa kitambaa, na watu wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa.